Mwajiri ni Nani? Kampuni za Kimataifa Mbele ya Sheria za Kazi

Kampuni ya kimataifa, kwa maana inayotumiwa na wachumi na vyombo vya habari, ni biashara moja yenye makao makuu katika nchi moja na shughuli katika nchi nyingi. Lakini mbele ya sheria biashara ya namna hiyo haipo kama kitu kimoja. Kinachokuwapo ni kundi la kampuni, kila moja ikiwa imesajiliwa mahali pake na ikiwa na wakurugenzi wake, hesabu zake na madeni yake, na juu ya zote kuna kampuni mama, yaani ile inayomiliki hisa za kampuni nyingine, ambazo kwa uhusiano huo huitwa kampuni tanzu. Utengano huo ni halali kabisa, na ndio unaomwezesha mwekezaji kuthubutu kuweka mtaji ugenini bila kuhofia kwamba deni la tawi moja litameza mali zake zote. Ugumu huanza pale utengano huo unapokutana na sheria ya kazi, ambayo kila nchi imejitungia yake, na ambayo kabla haijagusa habari za mshahara, likizo au notisi hutaka kwanza kujua mwajiri ni nani. Mazungumzo haya yanalishughulikia swali hilo kwa sababu, katika miaka ya karibuni, ndilo lililozifikisha kampuni kubwa mahakamani kwa kesi zenye uzito zaidi, ingawa katika semina za waajiri malalamiko mengi huwa ya vibali, fomu na ada.

Malalamiko hayo nayo hayakosi msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 2004, inaweka wiki ya kazi ya saa 45 na likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zikihesabiwa pamoja na sikukuu, wakati Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi. Baba aliyepata mtoto anapewa siku tatu upande wa Tanzania wa mpaka wa Namanga na wiki mbili upande wa Kenya. Ndani ya Jamhuri ya Muungano yenyewe mambo ya kazi si ya Muungano, hivyo kampuni yenye hoteli Dar es Salaam na nyingine Nungwi inaongozwa na sheria mbili, kwa kuwa Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005 na sheria yake ya mahusiano ya kazi ya mwaka huohuo. Mwanasheria wa makao makuu anayeandika mwongozo mmoja wa wafanyakazi wa "Afrika Mashariki" huwa ameandika kitu kisichofanana kikamilifu na sheria ya nchi yoyote. Tofauti nyingine hazionekani kwa kusoma harakaharaka: Kenya imeweka mshahara wa miezi 12 kuwa kikomo cha juu cha fidia anayoweza kupewa mtu aliyeachishwa kazi isivyo haki, ilhali sheria ya Tanzania, katika maandishi yake ya awali ya mwaka 2004, iliitaja miezi hiyohiyo 12 kuwa kiwango cha chini. Namba ni moja, lakini kwa mhasibu anayetenga akiba kwa ajili ya kesi maana yake imegeuka juu chini.

Tofauti za aina hii hutatuliwa kwa kuajiri mwanasheria mzuri wa nchi husika na kumsikiliza, na hazihitaji maelezo marefu. Jambo gumu zaidi ni lile linalohusu namna uamuzi unavyofanywa. Katika sehemu kubwa ya Marekani, mkataba wa kazi usio na muda maalumu unaweza kuvunjwa na upande wowote, wakati wowote, bila sababu kutolewa, ilimradi sababu iliyofichika isiwe ile iliyokatazwa, kama vile ubaguzi. Sheria za Afrika Mashariki zimesimama juu ya msingi mwingine, ulioathiriwa na mikataba ya Shirika la Kazi Duniani: kuachisha kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, na kukosekana kwa kimoja kati ya hivyo viwili kunatosha kuufanya uamuzi mzima kuwa usio wa haki. Kifungu cha 37 cha sheria ya Tanzania kinasema hivyo, na kifungu cha 41 cha sheria ya Kenya kinaongeza kwamba mfanyakazi aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba utaratibu ni suala la karatasi tu. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachosikiliza migogoro ya kazi Tanzania Bara kabla haijafika Mahakama Kuu, karatasi hizo ndizo zinazopimwa moja moja. Tuchukue hali ya kufikirika lakini ya kawaida: wakaguzi wa ndani walioko makao makuu wanabaini kwamba meneja wa ununuzi wa Dar es Salaam alipitisha ankara zenye mashaka, kamati iliyoko ng'ambo inaamua mtu huyo aondoke, na akaunti yake ya barua pepe inafungwa Ijumaa jioni; Jumatatu ofisa rasilimali watu wa Dar es Salaam anaanza kuandika barua ya kumtaka ajieleze. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa apewe muda usiopungua saa 48 kujiandaa kwa kikao cha nidhamu, na kikao hicho kiongozwe na ofisa wa ngazi ya juu asiyekuwa na upande. Mwenyekiti wa kikao anaweza kuwa hana upande kweli, lakini barua pepe ya Ijumaa ikitolewa kama kielelezo, mwamuzi ataona kwamba hukumu ilitangulia usikilizwaji. Aliyeamua hakuwapo kikaoni, aliyekuwapo hakuamua, na ripoti ya ukaguzi ambayo ndiyo ushahidi wenyewe imeandikwa na mtu aliye mbali, ambaye kampuni haitaki kumleta aulizwe maswali. Kesi inayopotea kwa namna hiyo mara nyingi ilikuwa na sababu nzuri, na huenda hilo ndilo linalowakera zaidi waajiri wageni.

Upunguzaji wa wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji, yaani pale kazi inapokwisha bila kosa la anayeifanya, unaonyesha mgongano huohuo kwa ukubwa zaidi. Kifungu cha 38 cha sheria ya Tanzania kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza, afichue habari zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, hatua za kuepuka, vigezo vya uchaguzi na kiinua mgongo, yote hayo kabla uamuzi haujafikiwa. Kenya nayo inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, pamoja na kiinua mgongo kisichopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Sasa kampuni mama ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la New York au London inabanwa na kanuni za masoko ya mitaji zinazozuia habari nyeti zisivuje kabla ya kutangazwa kwa wote, na kwa hiyo hupanga upunguzaji kwa siri, hutangaza duniani kote asubuhi moja, kisha huwaagiza mameneja wa kila nchi watekeleze. Wakati mashauriano yanapoanza Nairobi au Dar es Salaam hakuna tena cha kushauriana, maana idadi ya wanaoondoka imekwisha kuchapishwa katika magazeti ya fedha.

Lililotokea Accra mwaka 2022 ni mfano ulio wazi. Kampuni ya Twitter ilitangaza Aprili 2021 kwamba imeichagua Ghana kuwa makao yake barani Afrika, na wafanyakazi wachache walioajiriwa walikuwa ndio kwanza wamepata ofisi walipopokea, mwanzoni mwa Novemba 2022, barua pepe za kuondolewa kazini, siku chache tu baada ya Elon Musk kuinunua kampuni hiyo na kuagiza upunguzaji wa dunia nzima. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Kazi ya Ghana ya mwaka 2003 kinamtaka mwajiri anayekusudia upunguzaji wa namna hiyo amjulishe Ofisa Mkuu wa Kazi kwa maandishi miezi mitatu kabla, na malipo ya kuondoka yajadiliwe kati ya pande mbili. Watu walioandika barua zile hawakuwa na sababu ya kukidharau kifungu hicho. Huenda hawakujua kipo. Uamuzi ulikuwa wa dunia nzima, na nchi yenye wafanyakazi wasiofika hata 20 huenda haikuwa na mtu makao makuu wa kuisemea.

Katika mifano hiyo yote mwajiri alijulikana, na mzozo ulikuwa juu ya alichofanya. Hali hubadilika kampuni ya kimataifa inapokana kuwa mwajiri. Njia iliyozoeleka ni kuikabidhi kazi kwa mkandarasi, kampuni nyingine iliyosajiliwa katika nchi mwenyeji, ambayo ndiyo inayoajiri watu, kuwalipa na kuwasimamia, huku kampuni kubwa ikibaki kuwa mteja wa huduma. Wapokea simu, walinzi, madereva wa malori ya migodini, wasafishaji na mafundi wa minara ya simu wamekuwa wakiajiriwa hivyo kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa hakuna aliyeuliza. Aliyeuliza kwa sauti iliyosikika duniani alikuwa raia mmoja wa Afrika Kusini aliyefungua shauri jijini Nairobi Mei 2022.

Mtu huyo alikuwa mchuja maudhui, kazi ya kutazama picha, video na maandishi yanayopakiwa mtandaoni na kuamua yapi yaondolewe. Ofisi yake ilikuwa Nairobi, mwajiri aliyetajwa katika mkataba wake alikuwa kampuni ya Sama, iliyosajiliwa Kenya, na machapisho aliyoyachuja yalikuwa ya Facebook, mali ya kampuni ya Meta ya California. Kituo hicho kilihudumia lugha za Afrika zikiwamo Kiswahili, Kisomali na Kiamhari, na wafanyakazi wake walitoka nchi nyingi za bara hili, kwa hiyo mtu aliyepakia ujumbe wa chuki au video ya mauaji kwa Kiswahili miaka hiyo alikuwa na uwezekano mkubwa wa kusomwa na kijana aliyeketi katika jengo moja la Nairobi. Mlalamikaji alidai malipo duni, ukosefu wa huduma ya kisaikolojia na kuondolewa kazini kwa sababu ya kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, na alizishtaki kampuni zote mbili. Kampuni zilizoshtakiwa zilikanusha madai hayo. Meta ilijibu kwa hoja ambayo kisheria ni ya kawaida kabisa, kwamba haijasajiliwa Kenya, haifanyi biashara huko kwa maana ya sheria, na haina mkataba wa ajira na mlalamikaji, hivyo iondolewe katika shauri. Tarehe 6 Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi alikataa kuiondoa.

Kabla vumbi halijatua, Sama ilikuwa imetangaza kwamba inaacha kazi ya uchujaji wa maudhui na kwamba wafanyakazi wapatao 260 wangepunguzwa, huku kazi ikihamia kwa mkandarasi mwingine, Majorel, kampuni yenye asili ya Luxembourg. Wachuja maudhui 184 walikwenda mahakamani Machi 2023 wakidai kwamba upunguzaji huo haukufuata sheria na kwamba mkandarasi mpya alikuwa amekataa kuwaajiri wale waliotoka kwa yule wa zamani. Juni mwaka huo Jaji Byram Ongaya alitoa amri ya muda ya kuzuia wasiondolewe, na katika kufanya hivyo alisema jambo ambalo mawakili wa kampuni nyingi nje ya Kenya walilisoma mara mbili: kwamba, kwa ushahidi uliokuwapo katika hatua ile ya awali, Meta ndiyo iliyoonekana kuwa mwajiri mkuu na Sama kuwa wakala wake, kwa sababu kazi yenyewe, mahali pa kidijiti ilipofanyikia na vigezo vya kuipima vilitoka kwa Meta. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilizitupa rufaa za Meta na kuruhusu mashauri yaendelee.

Uzito wa hoja ya Jaji Ongaya uko katika mahali ilipolenga. Sheria ya kazi ya zamani ilimtambua mwajiri kwa vitu vinavyoshikika: nani mwenye lango la kiwanda, nani anayepiga kengele ya kuingia zamu, nani anayetoa nyundo na glavu. Kwa mchuja maudhui lango ni jina la mtumiaji na nywila, zamu ni foleni ya machapisho inayojaa yenyewe kwenye skrini, na glavu ni mwongozo wa maudhui unaobadilishwa na watu walioko California bila mkandarasi kuombwa maoni. Mwenye kuuzima mfumo huo ndiye anayeweza kuifuta ajira, hata kama hajawahi kulijua jina la anayeajiriwa. Ni kweli kwamba jambo hilo lilisemwa katika amri ya muda, ambayo haiwezi kuchukuliwa kama hukumu ya mwisho. Lakini inaonyesha wapi mahakama zitatazama.

Wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wageni nchini Kenya, na kibali cha kazi cha mgeni hufungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Mtu aliyetoka Ethiopia au Uganda, anayeambiwa kazi imekwisha, anapoteza kwa pamoja mshahara na haki ya kuendelea kukaa mjini ambako kesi yake inasikilizwa, wakati kampuni inayomkana inaweza kusubiri miaka. Sheria ya uhamiaji, iliyotungwa kulinda ajira za wenyeji, inageuka hapo kuwa silaha mkononi mwa mwajiri bila mwajiri kufanya lolote.

Nchi nyingine za Afrika zimelishughulikia tatizo la mkandarasi kwa sheria badala ya kuliachia mahakama. Namibia ilijaribu mwaka 2007 kupiga marufuku kabisa biashara ya kukodisha wafanyakazi, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaibatilisha marufuku hiyo kwa kuwa iliingilia mno uhuru wa kufanya biashara. Afrika Kusini ilichukua njia ya ustadi zaidi: kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2015, mfanyakazi wa kipato cha chini aliyepelekwa na wakala kwa mteja kwa zaidi ya miezi mitatu anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mteja, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuanzia hapo, kwa madhumuni ya sheria hiyo ya mahusiano ya kazi, mwajiri ni mteja peke yake. Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2014, iliwataka mawakala binafsi wa ajira wabaki katika kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri badala ya kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kwingine. Nchini Kenya upepo ulivuma kinyume, kwani mwaka 2024 ulipelekwa Seneti mswada ambao ndani yake kulikuwa na pendekezo la kumkinga mteja wa kampuni za huduma asishtakiwe kwa madai ya wafanyakazi wa mkandarasi. Serikali inayotafuta ajira kwa vijana wa vyuo vikuu inaelewa hofu ya wawekezaji, na hofu hiyo si ya uongo. Hata hivyo kinga ya namna hiyo ina maana kwamba anayeweza kulipa hadaiwi, na anayedaiwa, mara mkataba wake na mteja ukiisha, huenda asiwe na cha kulipa.

Swali la mwajiri ni nani huzaa pacha wake, yaani ashtakiwe wapi. Madereva wa Uber nchini Afrika Kusini walijifunza hilo kwa gharama. Mwaka 2017 tume ya usuluhishi ya nchi hiyo iliwatambua kuwa waajiriwa, lakini Januari 2018 Mahakama ya Kazi iliutengua uamuzi huo kwa kuwa waliyemshtaki ni kampuni tanzu ya Afrika Kusini, iliyofanya kazi za kusaidia na kutangaza tu, wakati mikataba ya madereva ilikuwa na kampuni ya Uholanzi ambayo haikuunganishwa katika shauri. Nchini Kanada mkataba wa kampuni hiyohiyo ulimtaka dereva mwenye malalamiko aende kwenye usuluhishi chini ya sheria ya Uholanzi na alipe ada ya kuanzia ya dola 14,500 za Marekani, na Juni 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikitupa kifungu hicho kwa kuwa kiliwakandamiza wazi wasio na nguvu mbele ya wenye nguvu. Kifungu cha mahali pa kushtakia, ambacho katika mikataba ya wafanyabiashara wakubwa ni jambo la adabu tu, katika mkataba wa mtu anayelipwa kwa wiki huwa ni mlango uliofungwa.

Safari ya kinyume, ya mfanyakazi wa Afrika kwenda kuishtaki kampuni mama katika nchi ilikosajiliwa, ilipata nguvu kupitia wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini, ambao mwaka 2000 waliruhusiwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza kuishtaki London kampuni ya Cape kwa magonjwa ya mapafu. Tangu hapo matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Unilever huko Kericho, walioshambuliwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, walishindwa katika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2018, kwa sababu ilionekana kwamba kampuni mama haikusimamia wala kuishauri kampuni tanzu juu ya mipango ya usalama. Mwaka uliofuata, katika shauri la wanakijiji wa Zambia waliodai kuathiriwa na maji machafu ya mgodi wa shaba wa kampuni tanzu ya Vedanta, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilieleza kwamba kipimo ni kiasi ambacho kampuni mama ilijiingiza katika uendeshaji, iwe kwa kuuchukua, kuusimamia, kuushauri au kujitangaza hadharani kwamba inausimamia.

Kipimo hicho kinaleta hali ya ajabu kidogo. Kampuni mama inayotuma wakaguzi wa afya na usalama, inayoandika viwango vya kundi zima na kuvichapisha katika taarifa yake ya mwaka kwa picha nzuri za wafanyakazi wanaotabasamu, inajiongezea uwezekano wa kushtakiwa, ilhali ile iliyofumba macho inaweza kujitetea kwamba haikujua. Ufaransa ilijaribu kuziba tundu hilo mwaka 2017 kwa sheria ya wajibu wa kuwa macho, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 5,000 ndani ya Ufaransa au 10,000 duniani ziandae na kutekeleza mpango wa kuzuia madhara katika kampuni tanzu na kwa wakandarasi wake, na Ujerumani ilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2023. Kwa kampuni zinazoguswa na sheria hizo, kufumba macho si chaguo tena.

Shauri la kampuni ya James Finlay linafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndani yake mahakama za nchi mbili zilivutana. Kampuni hiyo ililima chai Kericho lakini ilisajiliwa Uskoti, na mamia ya wachumaji chai waliishtaki mjini Edinburgh wakidai kuumia migongo na viungo kwa kubeba mizigo mizito na kuchuma kwa saa nyingi. Kampuni ilipata kutoka mahakama ya Kenya amri ya kuwazuia wafanyakazi wasiendelee na kesi ya Uskoti, na mahakama ya Uskoti nayo, mwaka 2022, ikaizuia kampuni isiitumie amri hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2023 majaji wa rufani wa Edinburgh waliamua kusimamisha shauri ili wafanyakazi kwanza wapitie utaratibu wa Sheria ya Kenya ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Chini ya sheria hiyo, mfanyakazi aliyeumia hamshtaki mwajiri mahakamani bali hupeleka madai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ya Kenya ilikwisha kuthibitisha mwaka 2019 kwamba utaratibu huo ni halali kikatiba. Kwa mtazamo wa heshima kati ya mahakama na mahakama, uamuzi wa Edinburgh una mantiki yake. Kwa mtazamo wa mchuma chai, mlango mmoja umerudishiwa ili ajaribu mwingine ambao mawakili wake walikuwa wamedai kwamba hautampa haki.

Kuhusu wataalamu wageni maneno machache yatatosha. Sheria ya Tanzania ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka kibali cha kazi kitolewe na Kamishna wa Kazi, mbali na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji, yaani maelezo ya jinsi Mtanzania atakavyoandaliwa kuishika nafasi ya mgeni. Mipango mingi ya namna hiyo huandikwa siku ya kuomba kibali na kufunguliwa tena siku ya kukihuisha, na mkaguzi anapouliza jina la mrithi mwenyewe na mafunzo aliyopewa, ofisi hunyamaza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, lakini kwa kufuata ratiba ambayo kila nchi ilijipangia, hivyo mhandisi Mkenya anayekuja Dar es Salaam bado hushughulikia vibali.

Mipaka hiyo haimgusi mtu anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani kwake Arusha kwa ajili ya kampuni isiyo na ofisi Afrika. Mkataba wake kwa kawaida humwita mkandarasi huru, ingawa ana saa maalumu, msimamizi na ripoti ya kila Ijumaa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania inasema mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo moja kati ya dalili zilizoorodheshwa, mojawapo ikiwa kwamba namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine, na nyingine kwamba anamtegemea mtu huyo kiuchumi. Jina lililo juu ya mkataba halitoshi kuiondoa dhana hiyo, na jina hilo likianguka, michango ya hifadhi ya jamii na kodi ambayo haikukatwa huanza kuhesabiwa kwa kurudi nyuma. Taarifa zake binafsi nazo, kuanzia akaunti ya benki hadi vyeti vya hospitali, huhifadhiwa kwenye seva za nje, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeliwekea masharti.

Kampuni nyingi zimejibu mwelekeo huu wa mahakama kumtafuta mwajiri nyuma ya mkandarasi kwa kurefusha mikataba yao na wakandarasi, na kifungu kinachoongezwa kwanza huwa ni cha kufidiana: mkandarasi anaahidi kwamba mteja akidaiwa na wafanyakazi, yeye ndiye atakayebeba gharama. Kifungu hicho ni halali na kina faida kwa mhasibu, lakini kinafanya kazi kati ya kampuni na kampuni tu. Mfanyakazi hakukitia saini, mahakama ya kazi haifungwi nacho, na mteja aliyeamriwa kulipa Nairobi atalipa kwanza, kisha ndipo aanze kumdai mkandarasi, ikiwa mkandarasi huyo bado yupo.